Kijiji Kilichokatwa Ki

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Ukijikuta unaitambua, kosa ni lako, si langu. Ilikuwa nchi ya kawaida tu, yenye milima, mito miwili isiyokauka na wizara thelathini na nane. Siku moja walikuja wataalamu kutoka nje, wakakaa hotelini wiki mbili, wakaandika kitabu kinene kilichosema kwamba katika nchi tajiri watu wengi wanaishi majijini, na katika nchi maskini watu wengi wanaishi vijijini. Walimaanisha nini hasa hakuna aliyewauliza, maana ndege yao ilikuwa inaondoka mchana ule ule.

Waziri wa Majiji, Mheshimiwa Mhandisi Dakta Kagomba, aliusoma ukurasa wenye maneno hayo, huo mmoja tu, akafunga kitabu. Alikuwa mtu wa vitendo. Kama matajiri wanaishi majijini, alisema, basi dawa ya umaskini ni majiji, na nchi ilikuwa nayo mawili tu, moja likiwa halina maji. Akaagiza yafike ishirini kabla ya sikukuu ya uhuru. Wakurugenzi walikuna vichwa. Jiji linataka barabara, mitaro, viwanda na hospitali, na hazina wakati huo ilikuwa na uwezo wa kununua utepe wa kukatwa na mkasi wa kuukatia. Ndipo karani mmoja wa masjala, ambaye hakuwahi kusema neno kikaoni tangu aajiriwe, alipoinua mkono na kueleza kwamba neno kijiji ukiliondolea ki, linabaki jiji.

Waziri aliliandika neno lile kwenye karatasi, akafuta herufi mbili za mwanzo, akalitazama kwa muda mrefu.

"Miaka yote hii," alisema, "tumekuwa tukitafuta kinachotutenganisha na maendeleo. Kumbe ni ki."

Karani alipandishwa cheo hapo hapo, na Operesheni Ondoa Ki ikaanza Jumatatu iliyofuata.

*

Mwisho wa Lami kilikuwa kijiji ambacho hakikupangwa na mtu. Miaka kumi na tisa nyuma, mkandarasi aliyekuwa akijenga barabara kuu alifika pale, akapokea simu, akawasha gari lake akaondoka. Lami ikaishia hapo hapo. Basi malori yaliyotoka kwenye vumbi yalisimama ili madereva wakague matairi, na yaliyotoka kwenye lami yalisimama ili madereva wajipe moyo. Madereva wakisimama watataka kula. Akipatikana wa kupika, atapatikana na wa kumletea vitunguu. Hivyo likazaliwa gulio la kila Alhamisi, likakua, likavuta watu wa kata nne. Hakuna wizara iliyohusika, na labda ndiyo maana mambo yalikwenda.

Kando ya barabara hiyo, kabla ya nyumba ya mwisho, palikuwa na ekari moja ya Tunsume, mjane ambaye wote walimwita Mama Atu kwa jina la binti yake. Ekari ile ndiyo iliyowalisha watatu: yeye, Atu, na mama mkwe wake Bibi Sekela, ambaye macho yalikuwa yamepofuka lakini ulimi ulikuwa mzima. Mbegu ilikuwa ya Bibi Sekela mwenyewe, aliyoileta alipoolewa: mahindi meupe yenye punje nyekundu hapa na pale, matamu kuliko yote ya bonde lile. Mvua ikiwa nzuri, nyumba ilikula mwaka mzima. Mvua ikiwa mbaya, walikula kwa kuangaliana.

Siku Waziri alipokuja kukipandisha hadhi kijiji, watu walipangwa barabarani tangu alfajiri, naye akafika saa nane. Alihutubia kwa saa mbili na nusu. Alisema kuanzia leo mwananchi wa pale asijione mnyonge, kwa kuwa analala mtu wa kijiji na kuamka mtu wa jiji. Alisema wapo watakaobeza, na kwamba wabezaji hao wanajulikana majina na nyumba zao. Kisha akamwashiria fundi Mwakalobo, seremala wa pale, aanze kazi.

Fedha za rangi zilikuwa zimetumika kwenye jukwaa. Kilichobaki kilikuwa msumeno. Mwakalobo aliung'oa ubao uliosomeka KIJIJI CHA MWISHO WA LAMI, akauweka juu ya pipa, akakata kipande cha mwanzo mbele ya ngoma na vigelegele. Ubao uliporudishwa kwenye nguzo zake ulisomeka JIJI CHA MWISHO WA LAMI. Mwalimu Ambakisye, aliyefundisha Kiswahili shuleni pale, alijongea akamnong'oneza ofisa mmoja kwamba jiji halichukui cha, linachukua la. Ofisa alimjibu kwa upole kwamba kasma ya fedha iliyopitishwa ni ya kuondoa, si ya kuongeza, na kwamba mwalimu anafahamika miongoni mwa wabezaji. Mwalimu akarudi nyuma.

Watu walipotawanyika, Tunsume aliona kile kipande cha ubao kimelala vumbini, KI yake ikitazama juu. Kilikuwa mti mgumu, mninga mtupu, na kwake kifuniko cha mtungi kilikuwa kimepasuka tangu masika. Akakiokota akaenda nacho nyumbani. Kilienea mdomoni mwa mtungi vizuri kabisa.

*

Wiki ya pili lilifika gari lenye sheria. Zilikuwa zimenakiliwa kutoka Jiji Kuu bila kubadilishwa kitu ila jina la jiji, kiasi kwamba kifungu cha nane kilipiga marufuku kuegesha meli mbele ya Benki Kuu, na watu wa Mwisho wa Lami wakakitii bila shida. Vingine vilikuwa vigumu zaidi. Mbuzi walikatazwa. Kuanika muhogo kando ya barabara kulikatazwa. Gulio lilikatazwa, kwa sababu biashara ya jiji hufanyika katika maduka yenye vioo. Zahanati ilifungwa, maana jiji haliwezi kudhalilishwa kwa zahanati, jiji lina hospitali ya rufaa. Nesi akahamishwa, na hospitali ikachorwa kwenye ramani kwa alama nyekundu ya msalaba. Wagonjwa walioulizia walionyeshwa ramani.

Na kifungu cha kumi na saba kilisema kwamba ndani ya Jiji ni marufuku kuotesha zao lolote linalozidi urefu wa goti.

Goti la nani, sheria haikusema. Swali hilo lilikuwa limeisumbua serikali sana, likafanyiwa semina ya siku tatu kando ya ziwa, na mwisho likapatikana jawabu: kila jiji litakuwa na Afisa Goti. Mwisho wa Lami walipelekewa Bwana Lutengano, mtu mpole wa makamo, ambaye goti lake la kulia lilikuwa limepimwa, likasajiliwa na kupewa cheti chenye muhuri. Hakuruhusiwa kupiga magoti popote, hata kanisani, asije akakiharibu kipimo. Alitembea mashambani akiwa amekunja suruali mguu mmoja, akisogea karibu na kila kilichoota.

Alipofika kwa Tunsume, mahindi yalikuwa yametoa ndevu. Yalimpita kichwa. Afisa alisimama kando ya mstari wa kwanza, akainama kulitazama goti lake, akainua macho kuitazama mbelewele kileleni, akahema.

"Mama Atu, mahindi yako yamenizidi."

"Yamekuzidi nini, Bwana Afisa?"

"Goti."

Tunsume alimwambia kwamba hindi lisilozidi goti huitwa nyasi. Alimwambia pia kwamba ndani ya nyumba ile yupo mzee asiyeona na mtoto anayesoma, na kwamba chakula chao cha mwaka mzima kimesimama pale mbele yake. Bwana Lutengano alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtoto wa mkulima, alisema, na moyo wake ulikuwa unauma.

"Lakini moyo wangu haumo kwenye sheria, mama. Lililomo ni goti langu."

Akaandika notisi ya siku saba. Yasipokatwa na mwenyewe, atakuja na watu wenye mapanga. Tunsume aliipokea karatasi kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa, akaingia ndani bila kumuaga.

*

Siku zile saba jiji lilikua kwa kasi. Wenye mbuzi na wenye gulio walivuka kijito wakahamia Ng'ambo, kijiji cha jirani, ambacho kilikuwa bado kijiji kwa sababu ubao wake ulikwisha kuliwa na mchwa, na maofisa wa Operesheni walipokwenda hawakuona ki ya kukata. Malori nayo yakaacha kusimama Mwisho wa Lami, maana kusimama jijini kuna ushuru wa maegesho. Yakawa yanapita kwa mbio na kuegesha Ng'ambo, kwenye nyama na vitunguu. Vijana wakayafuata malori. Nyanya zikawa zinavuka kijito kurudi, na bei ikavuka nazo. Waziri aliposomewa kwamba nyanya zimepanda bei mara tatu alifurahi sana, akasema kupanda kwa gharama za maisha ni dalili ya jiji lililokomaa.

Shuleni watoto walibuni mchezo wao. Mmoja anataja neno, mwenzake anaondoa ki. Kijiko kikawa jiko. Kisima kikawa sima, na wakacheka kwa kuwa kisima chenyewe kilikuwa kimekauka na sima haikuwepo. Mtoto mmoja akasema kijana; wakaondoa, ikabaki jana. Mwalimu Ambakisye, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliwaambia mchezo umetosha, warudi darasani.

Siku ya nne Tunsume alikwenda kumwona Mkurugenzi wa Jiji. Ofisi ilikuwa chumba kile kile cha serikali ya kijiji, sasa kimegawanywa kwa mbao nyembamba kikawa idara kumi na moja, na ili kumfikia Mkurugenzi ilibidi apite Mipango Miji akiwa amejikunja ubavu. Mwalimu alikuwa amemfundisha hoja. Sheria inataja Jiji la Mwisho wa Lami, akasema, lakini ubao unasema Jiji cha. Basi jiji hilo la kwenye sheria halipo, na mahindi yaachwe.

Mkurugenzi alikuwa mtu mwenye subira. Alikiri kwamba cha ni kosa, akasema italetwa Operesheni nyingine ya kushughulikia cha, mwaka wa fedha utakapoanza. Kwa sasa serikali inakwenda kwa maandishi. "Serikali haiwezi kumjua kila mtu na kila shamba, Mama Atu. Inasoma. Ubao ukisema jiji, ni jiji. Ubao ungesema kijiji, mimi na wewe tusingekuwa hapa tunazungumza."

Alilisema hilo kumfariji. Tunsume alishukuru, akajikunja tena akatoka.

Nyumbani alikuta Bibi Sekela anachota maji. Kifuniko cha mtungi kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kimesimama wima, na herufi zake mbili zilikuwa zikimtazama.

*

Kesho yake, mchana wa jua kali, maofisa wote wa Jiji wakiwa kwenye semina ya kupunguza semina, Tunsume aliazima nyundo kwa fundi Mwakalobo. Mwalimu Ambakisye alimshikia ngazi, akisema moyoni kwamba kama ni kufahamika, amekwisha kufahamika. Misumari minne ilitosha. Siku ya saba, Bwana Lutengano alipokuja na watu wawili wenye mapanga, suruali imekunjwa, alisimama chini ya ubao akasoma. Akasoma tena kwa sauti: KIJIJI CHA MWISHO WA LAMI. Akatoa mfukoni barua yake ya uteuzi, akaipitia, akaikunja.

"Goti langu ni la jijini," aliwaambia wenye mapanga. "Huku halina mamlaka."

Wakageuka. Katika ripoti yake aliandika kwamba eneo husika halikuonekana. Mkurugenzi naye aliusoma ubao alipotoka semina, akaingiwa na wasiwasi, akaandika barua makao makuu kuuliza yeye ni mkurugenzi wa nini. Barua ilikwenda kwa ngazi, ikasubiri sahihi, ikarudishwa kwa kukosa nakala. Mahindi hayasubiri sahihi. Yalikauka yakiwa yamesimama, yakavunwa, yakapukuchuliwa, yakajaza magunia tisa. Tunsume aliyapanga ndani mpaka pakakosekana pa kupita, na Bibi Sekela akawa anayapapasa kila asubuhi, moja moja, kama mtu anayesalimia wajukuu.

Juma la tano baada ya mavuno lilisimama lori la kijani mbele ya nyumba, la Bodi ya Kulisha Majiji. Akashuka kijana nadhifu mwenye jalada.

"Samahani, mama. Hapa ni kijijini?"

Tunsume alijibu kwa fahari kwamba ndiyo, ni kijijini, hata akamwonyesha ubao. Kijana aliandika. Akaeleza kwamba majiji yameongezeka ghafla, na kwa kuwa jiji halilimi, kila kijiji kina wajibu wa kuyalisha. Mwenye mahindi anabaki na debe moja la mbegu, mengine Bodi inayanunua kwa bei ya kijiji, na bei ya kijiji alipoitaja, Tunsume alidhani amesikia vibaya. Alikataa. Alisimama mlangoni kwake akatandaza mikono. Kijana hakumsukuma, alimsihi tu awe na huruma na wenzake.

"Kuna watu wana njaa, mama. Lipo jiji moja jirani hapa, hali yake ni mbaya sana, halina hata mbuzi."

"Jiji gani?"

Kijana alifungua jalada. "Jiji la Mwisho wa Lami," alisoma. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa serikali kulitaja bila kosa la sarufi.

Wapagazi walipita chini ya mikono yake. Magunia tisa yalipakiwa, pungufu ya lile debe la mbegu, huku Bibi Sekela, ndani, akiuliza ni nani hao wanaotembea kwa uzito namna hiyo. Lori likaenda mkoani, magunia yakapimwa, yakasagwa, yakapigwa muhuri, na siku ya nne likarudi na kushusha unga kwenye ghala la Jiji, ambalo ni ile zahanati iliyofungwa, hatua hamsini kutoka mlangoni kwa Tunsume.

*

Foleni ilianza asubuhi. Tunsume alisimama tangu mapema, na alipofika mbele aliuona unga kwenye gunia lililofunguliwa: dona nyeupe yenye chembe nyekundu hapa na pale. Karani wa ghala alimwuliza anaishi wapi.

"Hapo," akaonyesha kwa kidevu.

Karani alichungulia, akausoma ubao. "Hapo ni kijijini, mama. Unga huu ni wa wakazi wa jiji. Watu wa kijijini wanalima."

"Nililima."

"Basi kula ulicholima."

"Ndicho hicho."

Karani alilitazama gunia, akatazama muhuri, akasema yeye anasoma muhuri. Wanawake waliokuwa nyuma kwenye foleni walikuwa wamejiandikisha wote kwa nyumba za upande wa pili, ambazo ubao hauzitazami. Tunsume alitaka kusema mengi, na kila alilotaka kusema lilikuwa kweli, na hapakuwa na idara ya kulipokea. Akaondoka kwenye foleni. Fundi Mwakalobo hakumwuliza nyundo ni ya nini, wala Mwalimu hakungoja kuitwa kushika ngazi. Misumari ilitoka kwa shida kuliko ilivyoingia. Hakuna aliyepiga vigelegele safari hii.

Alirudi akiwa na kile kipande kwapani, jasho linamtiririka.

"Sasa?" akauliza.

Karani alichungulia tena, akasoma neno kwa neno. Akaridhika.

"Karibu, mkazi."

Akampimia kilo mbili kwa bei ya jiji.

Nyumbani Tunsume aliufunika mtungi kwa kifuniko chake, akabandika maji, akasonga ugali. Atu alikula. Bibi Sekela alimega tonge la kwanza, akalitafuna taratibu, akatulia. Akamega la pili.

"Unga mtamu huu, mwanangu," alisema. "Umetoka wapi?"

Tunsume alikuwa akimnawisha Atu mikono, na hakuinua uso.

"Kijijini, mama," alisema.